Sura ya Saba: Maji Yasiyo na Chumvi

Kwa maneno ya Mama Shahnaz, mambo yalikuwa hivi. Jumanne ya tarehe tano Februari, saa saba na nusu mchana, gari jeupe la ofisi ya mazingira lilikuja likasimama pale chini, kando ya uzio wa kijito. Yeye alikuwa dirishani, ghorofa ya kumi na moja, anachambua mchele. Ndani ya gari alikuwamo mtu mmoja tu, yule binti Mtanzania, Valeria. Akashuka, akafungua buti, akatoa boksi la barafu, ndoo na kamba, akaelekea nyuma ya jengo la pili, akapotea. Baada ya dakika ishirini akarudi na vitu vyake vilevile, akaingia garini, akaenda zake. Njia ya kushukia mtoni hakuikanyaga kabisa. Usiku wa kuamkia siku ile theluji ilikuwa imeanguka, na mpaka jioni ile njia ilikuwa nyeupe pee, hakuna alama ya unyayo hata wa paka.

"Sasa niambie, mwanangu," alimalizia Mama Shahnaz, "mtu anachota maji ya mto bila kushuka mtoni? Ana mabawa?"

Katika miaka tisa ya upelelezi kwenye ofisi ya mazingira ya jimbo, Kemunto alikuwa amejifunza kumwacha mtu amalize, kisha amwache tena kidogo, maana wengi husema la maana wakidhani wamekwisha kusema.

"Na zamani hawakuwa hivi," Mama Shahnaz akaongeza, akimsogezea kikombe cha chai. "Miaka yote walikuja wawili, yeye na yule mrefu, Japhet. Wanashuka mpaka kwenye barafu, mmoja amefungwa kamba kiunoni, mwenzake ameishika. Mimi nikiwaona nilikuwa nasema, haya, kazi hiyo. Siku hizi anakuja peke yake, na akija peke yake anafanya anavyotaka. Ndiyo maana nikaandika barua."

Barua hiyo ndiyo iliyomleta Kemunto mtaa huu wa Dixon Road asubuhi ya Ijumaa, tarehe nane Machi. Ilikuwa imefika kwa mkuu wake siku mbili baada ya karatasi ya maabara. Watu wa majengo haya walikuwa wamelalamika kwamba maji ya kijito yanageuka rangi ya zambarau, wakakishuku kiwanda cha Halvorn kule juu Malton, kinachoosha mapipa ya rangi. Valeria akatumwa achukue maji. Maabara ikajibu kwamba maji ni safi. Wakili wa Halvorn akaishika karatasi ile kama cheti cha ndoa. Kisha ikaja barua ya Mama Shahnaz, na hesabu ikawa nyepesi: binti hakwenda mtoni, amejaza chupa anakojua. Valeria akasimamishwa kazi, na leo saa kumi jioni angeitwa kikaoni kupewa barua ya kufukuzwa. Mtu aliyefukuzwa kwa kughushi sampuli hapati tena kazi ya maji popote Kanada. Kemunto alikuwa na saa sita.

"Mama, siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapo hapo. Kiti chenyewe ni hicho."

Kemunto akaketi. Aliuona uzio, akaiona njia ya mtoni, akaliona benchi lenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Kulia kwake jengo la pili lilikuwa limesimama kama kabati.

"Na daraja la miguu la kuvukia kijito liko wapi?"

"Nyuma ya jengo la pili. Kwa hapa halionekani, lakini lipo."

"Na Valeria aliposhuka na kamba yake alielekea wapi?"

"Si nimekwambia? Nyuma ya jengo la..." Mama Shahnaz akaweka kikombe mezani. "Ala!"

"Kazini kwetu ni marufuku mtu mmoja kukanyaga barafu ya mto," Kemunto akamweleza. "Akizama, nani atamvuta? Walipokuwa wawili walishuka. Aliyebaki peke yake huchotea darajani, kwa ndoo na kamba."

"Na kwa nini akabaki peke yake?"

"Mpango wa kupima mito ulikuwa wa mifuko miwili. Ottawa, serikali kuu, ilitoa nusu, jimbo nusu. Mwaka jana Ottawa ikafunga mfuko wake. Mto haukupunguka, watu ndio waliopunguka."

Mama Shahnaz akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Kwa hiyo nimemsingizia mtoto wa watu."

"Hukumsingizia, mama. Uliyoyaona ni kweli tupu. Ila ulikuwa unaangalia mahali pa zamani. Naomba uniandikie hayo, uweke sahihi."

Akaandika, tena kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini ya neno DARAJA.

Garini, Kemunto hakuwasha injini. Alitandaza karatasi za maabara za kila Februari kwa miaka sita juu ya usukani na kiti cha pembeni, akazisoma kama mtu anayechambua mboga, jani kwa jani. Zebaki, hakuna. Mafuta, hakuna. Rangi, hakuna. Kidole chake kikashuka mpaka kwenye chumvi, kikasimama.

Kila anayeishi mji huu anajua kwamba kuanzia Desemba malori humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Viatu vinaota ukoko mweupe, magari yanaliwa na kutu, na chumvi yote hiyo mwishowe huishia mtoni. Februari ya mwaka juzi kijito hiki kilikuwa na chumvi elfu moja na mia moja kwa kipimo cha maabara. Mwaka jana, mia tisa. Mwaka huu, ishirini na sita.

Akampigia Crispus Mugambi, mkuu wa kitengo chao. Ofisini waliongea Kiingereza mbele za watu, lakini kwenye simu Crispus alirudi Meru na Kemunto akarudi Kisii, wakakutana kwenye Kiswahili.

"Crispus, maji yaliyopimwa si ya kijito. Ni ya bomba."

"Aki Kemunto, nilikutuma umtetee au umzike? Hiyo si ndiyo imemmaliza kabisa?"

"Ngoja kwanza. Wewe umepima mito miaka mingapi?"

"Kumi na miwili kabla ya kupewa kiti hiki."

"Ungetaka kughushi maji ya Februari, ungesahau nini?"

Crispus akafikiri. "Nisingesahau chumvi. Ningetia kijiko cha chumvi ya mezani, yaishe."

"Na Valeria ameyapima miaka sita. Halafu kuna daftari lake. Pale darajani alitumbukiza kile kipimo cha mkononi akaandika kwa penseli: chumvi nyingi mno."

"Daftari unaweza kuandikia hata kitandani."

"Unaweza. Lakini mtu aandike daftarini chumvi nyingi mno, kisha ajaze chupa maji yasiyo na chumvi, halafu apeleke vyote viwili ofisi moja? Huyo anaghushi au anajishtaki?"

"Sawa. Maji yamebadilishwa njiani," Crispus akakubali. "Basi nakupa jina bila kutoka jasho. Japhet. Aliachishwa kazi Ottawa ilipokata, akaondoka amenuna, na sasa ndiye anaendesha gari linalochukua maboksi yetu. Sababu anayo, nafasi anayo, na hiyo kazi anaijua."

"Hilo la mwisho ndilo linalomtoa. Japhet ndiye aliyemfundisha Valeria. Angetia chumvi kabla hujamaliza kusema neno. Mimi namtafuta mtu asiyejua."

"Saa kumi, Kemunto. Mkurugenzi hatangoji."

"Saa kumi nasikia."

Maabara ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa gari. Aliyepokea sampuli alikuwa Parveen, mzaliwa wa Kisumu, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Akaitoa fomu ya safari ya boksi. Maji yamechukuliwa saa saba na dakika arobaini mchana. Yamefika maabara kesho yake saa nne na robo asubuhi. Katikati palikuwa na neno moja tu kwa mkono wa Valeria: friji.

"Friji gani?" Kemunto akauliza.

"Mimi nitajuaje? Zamani ilikuwa friji ya stoo yetu ya Malton, ina kufuli, na gari la kuchukua lilipita jioni ileile. Stoo ikafungwa, na gari sasa linapita asubuhi. Kila mtu anajitafutia pa kulaza boksi."

"Boksi lenyewe lilikuwaje? Sema lolote, hata la kijinga."

Parveen akaanza kucheka peke yake. "La kijinga lipo. Boksi linatakiwa kuwa na vile vifuko vyetu vya barafu, sivyo? Nafungua, nakuta nazi."

"Nazi?"

"Nazi ya kukunwa, ile ya pakiti, imeganda kama tofali. Pakiti nane zimezungushwa chupa vizuri, kama mtoto amelazwa kwenye mito. Joto la ndani likawa sawasawa kabisa, digrii tatu. Nikasema, huyu ni mtu wa kwetu."

"Ziko wapi hizo pakiti?"

Parveen akavua miwani, akaifuta. "Dada yangu, mimi ni binadamu. Kuku wa nazi alikuwa mtamu."

"Umekula ushahidi, Parveen."

"Mbili nimebakiza. Na jingine nililoandika ni hili: lebo za chupa zote nne zilikuwa zimebandikwa tena kwa utepe wa gundi unaong'aa juu yake. Lebo zetu hazihitaji kubandikwa mara mbili. Nilimwandikia mkuu wangu. Zamani palikuwa na mtu wa kufuatilia maandishi kama hayo. Sasa karatasi zinalala tu."

Kemunto akarudi garini. Mtu asiyejua mto lakini anajua baridi. Mtu mwenye pakiti nane za nazi za kutoa bila kuzionea uchungu, maana yake kwake nazi hununuliwa kwa katoni. Na chupa zilikuwa za kioo, za kahawia, nyembamba shingoni. Akatazama kipimajoto cha gari, akakumbuka kwamba usiku ule wa tarehe tano baridi ilishuka digrii kumi na tatu chini ya sifuri. Akampigia mtu aliyekuwa na hakika kwamba anaona kila kitu.

"Mama Shahnaz, ni Kemunto. Hapo kwenu nani anawapikia watu wa shughuli?"

"Suhaila, nani mwingine? Jengo la pili, ghorofa ya nne. Biriani yake ukila unasahau jina lako. Tena ngoja, tarehe sita Februari tulikuwa na hitma ya marehemu Mohamedtaki. Alipika sahani mia mbili peke yake."

"Na Valeria wanajuana?"

"Wanajuana! Binti yule anakula kule kuliko kwake."

Saa nane na dakika ishirini Kemunto alikuwa anabisha mlango. Suhaila alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene, mchangamfu, mwenye unga wa ngano mpaka kwenye nyusi. Nyumba nzima ilinukia iliki.

"Karibu, karibu ndani, viatu acha hapo. Umekuja kuagiza?"

"Nimekuja kuuliza. Mimi natoka ofisi anayofanya kazi Valeria."

Tabasamu halikuondoka, ila lilisimama mahali pamoja. "Valeria mdogo wangu. Mzima?"

"Naomba nione roshani yako."

Majengo haya kila nyumba ina friji mbili: ya jikoni, na ya roshani inayofanya kazi kuanzia Desemba mpaka Machi bila umeme. Roshani ya Suhaila ilikuwa na masufuria matatu yaliyofunikwa, ndoo ya samaki na gunia la vitunguu. Kemunto akachuchumaa kwenye kona, pale barafu ya zamani ilipokuwa inaachia sakafu. Akachokonoa kwa ncha ya ufunguo. Kikatoka kipande cha kioo cha kahawia, kidogo kama ukucha.

Akakiweka kwenye kiganja, akarudi nacho ndani, akakilaza juu ya meza katikati ya sambusa.

"Nilifagia," Suhaila akasema. "Wallahi nilifagia mara mbili."

"Ilikuwaje?"

"Friji ilikuwa imejaa nyama ya hitma, dada. Mpaka mlango nimeufunga kwa kamba. Saa tisa Valeria kaleta boksi lake kama kawaida, kaniambia, dada Su, weka mahali pa baridi, kakimbilia mto mwingine. Mimi nikaona baridi gani inayoshinda ya nje? Nikazitoa chupa boksini, nikazipanga roshani zipate ubaridi vizuri. Alfajiri naamka kuswali, nazikuta zimepasuka zote nne. Barafu imesimama yenyewe, kioo kimelala chini."

"Na gari la kuchukua linapita saa tatu."

"Saa tatu! Na Valeria kila siku analia kwamba ofisini wanatafuta sababu ya kumpunguza na yeye. Nikasema, leo sababu nimewapa mimi. Vifuko vya barafu vimeyeyuka, nikaweka nazi yangu. Chupa tupu alikuwa anaziweka hapa kwangu tangu stoo yao ifungwe. Nikabandua zile karatasi, nikazibandika kwenye chupa tupu kwa gundi. Nikajaza maji. Maji si maji?"

"Ya bomba la jikoni."

"Ya jikoni, lakini sikujaza hivihivi," Suhaila akajitetea, akainua mkono. "Niliyachuja. Kwa kitambaa kipya cha tui, mara mbili, ili wasije wakakuta uchafu wakamsema."

Kemunto akamtazama mwanamke huyu aliyeyachuja maji ya kesi nzima, na kwa mara ya kwanza siku ile akashindwa kuuzuia uso wake. Akacheka. Suhaila naye akacheka kidogo, kwa woga, asijue anacheka nini.

"Suhaila, nisikilize. Maji yako yalikuwa safi mno. Kiwanda kinayatumia kujisafishia. Na leo saa kumi Valeria anafukuzwa kazi kwa kughushi."

Kicheko kikakatika. "Leo hii? Hajaniambia. Jana kakaa kwenye kiti hicho hicho, kala, kaosha vyombo, hajaniambia."

"Na wewe hukumwambia."

Suhaila akakaa. Akajifuta unga usoni, akauongeza. Kemunto akaweka fomu mbele yake na kalamu juu yake.

"Nikiandika, shughuli yangu hii ya kupika? Sina karatasi ya jiji ya kuuza chakula."

"Fomu ina mahali pa jina, tarehe na kilichotokea kwa chupa. Mahali pa biriani hapana."

Suhaila hakusoma hata mstari wa kwanza. Aliandika, akatia sahihi, unga ukabaki kwenye kalamu. Kisha akachukua simu yake bila kuambiwa. "Valeria? Njoo kwangu. Hapana, sasa hivi. Nimekukosea, na ukifika usinisemeshe mpaka nimalize."

Valeria, aliyekuwa anakaa jengo la tatu, alifika kwa kandambili na koti la baridi. Alikuwa mwembamba, mkimya, mtu wa Bukoba aliyezoea kutazama maji kuliko kutazama watu. Akasikiliza yote amesimama mlangoni. Suhaila alipofika kwenye kitambaa cha tui, Valeria akafumba macho.

"Dada Su. Mara mbili?"

"Mara mbili, mdogo wangu."

"Kulaza boksi kwenye friji ya mtu nilijua ni kosa langu," Valeria akamwambia Kemunto. "Ndiyo maana sikutaka kumtaja. Nilisema bora waniulize mimi."

"Wamekwisha kukuuliza. Sasa vaa viatu vya maana, tuna kazi."

Saa tisa na robo walikuwa darajani. Theluji ilikuwa inayeyuka pande zote mbili na kijito kilikuwa kimefungua njia katikati ya barafu. Kemunto alikuwa ametuma picha za maelezo mawili yenye sahihi, ya Mama Shahnaz na ya Suhaila, pamoja na picha ya kile kioo. Crispus akapiga kabla Valeria hajafungua fundo la kamba.

"Nimesoma," alisema. "Nimesoma mara mbili. Kitambaa cha nini, wewe?"

"Cha tui la nazi."

"Mungu wangu. Sawa, nimemwonyesha mkurugenzi. Kikao cha saa kumi hakipo. Valeria arudi kazini Jumatatu."

"Amesharudi. Anashusha ndoo sasa."

"Umeanza tena. Na ile karatasi ya maabara?"

"Haina thamani hata kwa wakili wa Halvorn. Haikuwa ya mto. Tunachukua nyingine leo, na boksi nalipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwa Parveen."

"Kazi nzuri, Kemunto. Kweli."

"Basi nina ombi moja, nitaliandika pia kwenye ripoti." Akasogea kando ili Valeria apate nafasi. "Hakuna aliyeghushi hapa, Crispus. Mama Shahnaz alikosea kwa kuwa anayechota yuko peke yake. Chupa zilipasuka kwa kuwa stoo imefungwa. Parveen aliona gundi, hakuna wa kumsikiliza. Makosa matatu, na yote yametoka kwenye tundu moja. Ottawa imeondoka, sawa, imeondoka. Jimbo lirudishe mtu wa pili kwenye kila mto, na friji moja yenye kufuli. Japhet yupo, mwiteni. Naomba unijibu leo."

Kwenye simu alisikia kalamu ya Crispus inagonga meza, taratibu, kisha haigongi.

"Crispus?"

"Dada Kemunto," Valeria akaita, ameinama juu ya ukingo, mikono miwili imekaza. "Nishikie, ndoo imejaa, barafu inaivuta."

Kemunto akaiweka simu juu ya ukingo wa daraja, bila kuikata, akaishika kamba nyuma ya mikono ya Valeria. Wakavuta pamoja, mara moja, mara mbili. Ndoo ikapanda inagongagonga nguzo, ikatua kati ya miguu yao, na maji yaliyokuwamo, yakitikisika kwenye mwanga wa jua la Machi, yalikuwa rangi ya zambarau.

Juu ya ukingo, kwenye kioo cha simu, sekunde za mazungumzo ziliendelea kuhesabika; Crispus alikuwa bado hajaikata.